Mbwa Wawili wa Clem Bufton

Jumapili, 2 Oktoba

Daftari hili lilikuwa la mapishi ya shule, ndiyo maana kurasa mbili za mwanzo zina keki ya tangawizi ya watoto mia mbili na arobaini. Sasa sina mtoto wa kumpikia hata mmoja, basi nitaandika ya hapa.

Ni wiki ya tatu tangu nihamie kwa kaka yangu Clem, chini ya vilima vya Radnor tulikozaliwa. Yeye ana sabini, mimi sitini na tatu. Nilipika Birmingham miaka thelathini na mmoja, nikastaafu Julai. Agosti daktari wake akaniandikia kwamba mapafu ya Clem yamechakaa na hawezi tena kuishi peke yake. Ametega sungura tangu ana miaka kumi na minne. Wakulima wote wa bonde hili humwita wakati sungura wamezidi, wanapokula ngano changa na kutoboa kingo za malisho. Leo, kutoka kitandani hadi dirishani, amesimama mara mbili kupumzika.

Ana mbwa wawili wa kazi hiyo. Huitwa lacha: damu ya mbwa wa mbio iliyochanganywa na ya mbwa wa kondoo. Miguu mirefu, mbavu za kuhesabika, na uso wa mtu aliyepata habari mbaya. Rook ni dume, mweusi, miaka sita. Sorrel ni jike, mwekundu, hajatimiza mitatu. Wanalala jikoni. Manyoya yao nimeyakuta kwenye siagi.

Asubuhi Clem aliniambia, "Eunice, hao mbwa watafutie watu. Mimi kiangazi sikioni, na wewe mbwa huwapendi."

"Nani kasema siwapendi?"

"Siagi imesema. Nimekusikia ukiongea nayo."

Kisha akaacha mzaha. "Sharti langu moja. Waende kwa mtu atakayewafanyisha kazi. Mbwa kama hao ukiwalaza kwenye kochi, watajitafutia kazi wenyewe, na hutaipenda."

Jumanne, 4 Oktoba

Mvua. Nimefua mashuka, yamekaa ndani na kunuka mbwa.

Jumapili, 9 Oktoba

Amekuja mtu mrefu, koti limefungwa kwa kamba ya marobota ya nyasi, mfukoni kicheche kinachungulia. (Kicheche ni yule mnyama mweupe mrefu kama soksi anayeingizwa shimoni kuwafukuza sungura watoke. Clem naye anacho kimoja bandani, amekiita Gladys, jina la mwalimu wetu wa darasa la pili.)

"Naitwa Idris Preece," akasema. "Nasikia Clem anagawa mbwa. Namtaka yule mwekundu. Na mweusi nitamchukua vilevile, wasitengane."

Nikamwambia Clem amelala. Alikuwa macho, anasoma gazeti.

"Mwambie basi Idris alikuja."

Sikumwambia. Mama wa posta aliniambia hawa wawili hawajasemezana miaka kumi na mmoja. Tena huyu Preece anaishi kwenye karavani nyuma ya machimbo ya mawe, na harufu yake ilibaki mlangoni hadi saa sita. Nilijiambia namlinda kaka yangu.

Jumatano, 12 Oktoba

Wamekuja wawili kutoka Leominster. Walitaka mbwa wa kushindanisha na kuwekea dau. Clem aliwafukuza kutoka kitandani kwa sauti ambayo sikujua bado anayo, halafu akakohoa mpaka midomo ikawa ya bluu.

Jumapili, 23 Oktoba

Bi Harcombe amekuja kunywa chai. Ni mjane, ameinunua nyumba ya zamani ya kasisi, ana mazulia na moto mkubwa, na moyo wake ni mwema, hilo halina ubishi. Rook aliweka kidevu juu ya goti lake, na yule mama akalengwa na machozi.

"Kwangu hatafanya kazi tena, maskini," akamwambia Clem. "Atapumzika tu."

"Mbwa wa miaka sita apumzike nini? Mama, nunua paka."

Niliona aibu. Nilimsindikiza hadi langoni nikamwomba radhi. Akanishika mkono, akasema, "Ukibadili mawazo, Eunice, mlango wangu uko wazi." Nilifurahi mtu mwenye mikono misafi kuniita kwa jina.

Alhamisi, 3 Novemba

Wamemchukua Clem hospitali, Hereford. Hewa haitoshi. Ndani ya gari aliwataja mbwa, mimi hakunitaja.

Jumapili, 6 Novemba

Siku tatu peke yangu na wanyama hawa. Wamelia mlangoni kwake. Wametafuna mguu wa kiti cha mama yetu. Jana Rook aliniangusha kwa kamba nikatua kwenye matope kama gunia. Leo baada ya ibada nimempeleka kwa Bi Harcombe.

Aliingia mwenyewe, akalala mbele ya moto, akanyoosha miguu yote minne. Niliona nimetenda vizuri. Nimerudi nyumbani na kulala usingizi mzito.

Jumamosi, 12 Novemba

Clem amerudi, na mtungi wa oksijeni umerudi naye. Kabla hajavua viatu:

"Rook yuko wapi?"

"Amepata mtu."

"Nani?"

Mbele yangu kulikuwa na gunia la chakula cha mbwa, limeandikwa Vaughan. "Bwana Vaughan," nikasema. "Wa ng'ambo ya kilima, upande wa Clun."

"Anawinda naye?"

"Kila Jumamosi."

Akafumba macho, akatabasamu. Tangu Septemba sijamwona kaka yangu akitabasamu bila kumkejeli mtu. Mdomo wangu ulikuwa tayari kusema kweli, nikaufunga.

Jumamosi, 19 Novemba

Anataka habari. Nikamwambia Bwana Vaughan amepiga simu posta: Rook amekamata sungura wanne, nyavu zilikuwa juu ya kilima, upepo ukitoka hukohuko, kicheche akaingia kutokea chini.

Clem akakunja uso. "Nyavu ameziweka upande upepo unakotoka? Sungura wamnuse wote? Huyo Vaughan mjinga. Mbwa wangu nimempa mjinga."

Hakula chakula cha jioni.

Jumapili, 20 Novemba

Nimeona kama ni kudanganya, niujue uongo wangu. Nilimwambia Clem namtembeza Sorrel. Nikamtoa Gladys bandani, nikachukua nyavu na kwenda kwenye ukingo wa shamba la Prosser, ambaye ameshazoea kumwona yeyote wa nyumba hii pale. Gladys aliniuma kidole gumba. Nyavu zilinasa kwenye vifungo vya koti langu. Sorrel alikaa ananitazama kama mkaguzi wa shule. Sungura: hakuna.

Jumamosi, 26 Novemba

Wawili! Nyavu ziko upande upepo unakoelekea, nimetulia kimya, nimehesabu mashimo yote kabla ya kumwingiza Gladys. Ardhi ilidunda chini ya magoti yangu kama mtu anayepiga mlango kutoka ndani, kisha mmoja akatoka na kujitia wavuni, na wa pili akachoropoka shimo nisilolijua. Sorrel aliondoka pembeni yangu sikumwona akiondoka. Nilimwona akirudi.

Clem alisikia kisa chote, "Rook" mahali pa Sorrel. "Hm," akasema. "Vaughan ameanza kujifunza."

Nimekula vipande vitatu vya mkate.

Jumamosi, 3 Desemba

Ukingo wa mto, baridi kavu, saba. Saba! Wa mwisho alikimbilia kwenye seng'enge. Mbwa angejichana ngozi pale, lakini alikata kushoto ghafla, akamzuia sungura kabla ya waya, wakapinduka pamoja kwenye nyasi zenye barafu. Nilipiga kelele peke yangu shambani kama mwehu.

Nilimsimulia Clem hadi chai ikapoa. Nilipofika kwenye kona ile alipapasa blanketi, kisha akasema, "Endelea."

Sorrel analala chumbani kwangu sasa. Kuna baridi jikoni.

Jumamosi, 10 Desemba

Idris Preece alinikuta kwenye mashimo ya Prosser nimepiga magoti.

"Unaweka wavu kama unatandika kitanda," akasema. Akainama, akaulegeza, akachomeka kigingi upya kwa kisigino. Hakuniuliza kwa nini nilimfukuza Oktoba. Aliuliza, "Mweusi yuko wapi?"

Nikamwambia.

"Anakimbizwa?"

"Anatembezwa na kamba. Mara mbili kwa siku."

"Clem anajua?"

"Hapana."

Alikaa kwenye jiwe, akakitoa kicheche chake mfukoni, akakirudisha. "Bi Eunice, nikwambie jambo. Miaka kumi na mmoja iliyopita niliazima mbwa wa Clem, Fern. Nikamwachia kwenye shamba nisilolikagua. Kulikuwa na jembe la meno limesahaulika ndani ya nyasi, likamuua. Nilimbeba Fern hadi kwa Clem, nikamwambia: ni mimi, sikukagua. Hajaniongelesha tena, na sina la kumlaumu. Lakini nilimwambia siku ileile, na nalala usingizi. Mwambie leo."

Nilirudi nimeazimia. Clem alikuwa ameketi, amechana nywele. "Haya," akasema, "Vaughan kasemaje?"

Nikamwambia watano.

Jumapili, 25 Desemba

Theluji. Sungura kwa vitunguu, karoti na pombe ya tofaa, madonge ya unga juu. Clem amekula sahani nzima, akadai sungura niliyesema ametumwa na Vaughan ni wa Rook, anautambua mshiko. Ameinua glasi: "Kwa Bwana Vaughan, popote alipo." Nilikunywa.

Jumatatu, 2 Januari

Bi Harcombe amekuja mlango wa nyuma, ana mkwaruzo shavuni kwa sababu ya kumkimbiza Rook kwenye vichaka. Anasema Rook amechana mapazia. Ameruka uzio mara mbili. Usiku mzima anatembea huku na huku kwenye zulia.

"Nampenda, Eunice, lakini ananitazama kama kuna kitu nimekisahau."

Hapo ndipo ningesema mlete. Nilichotakiwa kusema ni neno moja tu. Lakini Clem alikuwa juu, masikio yake bado mazima, na Rook angeingia akapanda ngazi moja kwa moja hadi kitandani kwake.

Nikamwambia aongeze uzio.

Jumanne, 10 Januari

Ukungu. Nilipita nyumba ya kasisi. Rook alikuwa dirishani. Sikusimama.

Jumanne, 17 Januari

Nitaandika yote, nisije nikajidanganya na hapa pia.

Saa nne asubuhi Idris Preece alikuja kupitia bustani, hakupitia lango. Alikuwa amevua koti, amelibeba mikononi na kitu ndani yake, na ule mkia mweusi ulining'inia ukigusa majani ya kabichi. Nilitoka nikavuta mlango nyuma yangu.

"Ongea chinichini," nikamwambia. "Clem yuko macho."

Hilo ndilo neno langu la kwanza. Sikuuliza Rook amekuwaje. Niliulinda uongo kwanza.

Rook aliruka uzio mpya alfajiri. Akashuka hadi shamba la Prosser, ambako kondoo wenye mimba wamewekwa karibu na nyumba. Idris anasema hakuuma hata mmoja. Aliwakimbiza tu, akiwazungusha huku na huku, ulimi nje, maana alitaka kitu kikimbie. Wawili walianguka kwenye mtaro, mmoja ametoa mimba. Prosser alitoka na bunduki. Ana haki, sheria inampa, na hata isingempa ningefanya vilevile kama wale ni kondoo wangu. Idris alikuwa anapita barabarani akasikia mlio.

"Prosser hakumtambua mpaka amekaribia," akasema. "Ameketi kwenye ndoo kule, hawezi kusimama. Anasema amemjua huyu mbwa tangu mtoto."

"Alikufa palepale?"

Idris alinitazama kuona kama naomba kweli au naomba kufarijiwa.

"Hapana. Alitembea hadi langoni. Lile la kuelekea huku kwenu."

Tulimzika nyuma ya banda, mahali pasipoonekana kutoka dirishani kwa Clem. Ardhi ilikuwa imeganda, ikabidi Idris atumie sururu, nami niliogopa kila pigo. Kutoka juu Clem akaita, "Eunice! Nani anachimba?"

"Bomba la maji limeganda!" nikajibu.

Idris aliacha kuchimba. Alingoja kidogo, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kupita mlangoni, na mimi sikupita, akaendelea kuchimba.

Rook alikuwa bado na joto chini ya kwapa. Manyoya yake yalinuka sabuni ya waridi. Bi Harcombe alikuwa amemwogesha.

Jumatano, 18 Januari

Bi Harcombe alikuja akiwa hana kofia, analia barabarani. Nilimshika nikamwambia kosa si lake. Ni kweli. Alitaka kupanda kumwomba Clem msamaha, nikamzuia ngazini.

Jumamosi, 21 Januari

Clem: "Vaughan kasemaje?"

Nikamwambia wanne, kwenye kingo za reli. Sauti yangu haikutetemeka hata kidogo, na hicho ndicho kinachoniogopesha.

Jumamosi, 28 Januari

"Wangapi?" "Watatu."

Akaurekebisha mpira wa oksijeni puani. Kisha: "Mwandikie Vaughan. Mwambie Jumapili ya wiki ijayo amlete Rook. Sitaki wakae. Nataka kumshika masikio tu, basi."

"Barabara ina barafu, Clem."

"Basi amlete kwa mguu. Mbwa anaijua njia."

Jumatano, 1 Februari

Nesi anasema wiki, si miezi. Anauliza kama kuna ndugu wa kuwaita. Nikasema mimi ndiye ndugu.

Jumapili, 5 Februari

Aliamka mapema. Alitaka maji ya moto, akataka nimnyoe ndevu. Ngozi yake imekuwa nyembamba, nilinyoa kama namenya nyanya. Akataka kizibao chake cha kwenda sokoni, kile chenye vifungo vya shaba. Nilimvalisha juu ya nguo za kulalia. Alijipaka mafuta ya nywele mwenyewe. Kisha akaniambia nifungue dirisha.

"Utapata baridi."

"Nataka nimsikie akija."

Akakaa hivyo, ameegemea mito, uso kwa dirisha, saa moja nzima. Kila gari lilipopita barabarani chini alinyanyua kidole, tunyamaze. Sorrel alikaa miguuni pake, naye masikio juu, maana alimwona yeye anasikiliza.

Nikafunga dirisha.

"Clem, Rook haji."

"Barafu?"

"Amekufa. Amepigwa risasi tarehe kumi na saba kwa Prosser. Alikuwa anakimbiza kondoo."

"Vaughan alimwachia kwenye kondoo?"

"Hakuna Vaughan. Hajawahi kuwapo. Nilimpa Bi Harcombe ulipokuwa hospitali. Nilichoka, nikampa. Halafu sikuweza kukwambia. Januari alitaka kumrudisha, nikamkatalia, ili usijue."

Nilikuwa nimeshika taulo ya kunyolea, sikujua niiweke wapi.

Aliuliza mambo mawili. La kwanza: "Alipigwa wapi?" Nikasema mbavuni. La pili: "Alikwenda mara moja?"

Mungu anajua nilivyotaka kusema ndiyo.

"Hapana. Alitembea hadi lango la kuja huku."

Clem alianza kufungua vifungo vya kizibao, kimoja kimoja. Cha tatu kilimshinda. Nilinyoosha mkono nimsaidie.

"Toka," akasema.

Jumatatu, 6 Februari

Hajasema.

Jumanne, 7 Februari

Hajasema. Anakula nikiwa nimetoka.

Jumatano, 8 Februari

Hajasema.

Alhamisi, 9 Februari

Amesema, ila si kwangu. Nilikuwa naingiza makaa akamwambia Sorrel, "Mwambie huyo mama chai imepoa."

Nikamwambia Sorrel, "Mjibu anakwenda kuchemsha nyingine."

Sorrel alitutazama mmoja baada ya mwingine. Nilikwenda jikoni nikalia juu ya birika.

Jumanne, 14 Februari

Leo jioni nilikuwa nambadilishia mito akanishika kifundo cha mkono. Vidole vyake havina nguvu, ilikuwa kama kushikwa na mtoto.

"Kile kisa cha ukingo wa mto," akasema. Anasema maneno manne, anapumzika. "Sungura saba. Mbwa akakata kushoto."

"Ndiyo."

"Rook hakati kushoto. Tangu avunjike kidole, ni kulia tu. Nilidhani nimesikia vibaya."

"Alikuwa Sorrel."

"Na nyavu? Nani aliweka?"

"Mimi."

Aliugeuza mkono wangu, akaangalia alama ya meno ya Gladys kwenye kidole gumba, na mikwaruzo ya kamba.

"Vaughan ni wewe."

"Ni mimi."

"Ulikuwa mjinga sana mwanzoni."

"Najua."

"Halafu ukaacha." Akavuta hewa. "Saba, kwenye baridi kavu. Baba yetu hakuwahi kupata saba pale."

Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda, hakunifukuza. Akasema Sorrel apewe Preece.

"Hamjasemezana miaka kumi na mmoja, Clem."

"Sijasema nikanywe naye chai. Nimesema apewe mbwa. Yule akikosea, anasema."

Niliinamisha kichwa. Kisha nikauliza, maana sikuweza kulala siku nyingine bila kuuliza: "Na mimi je? Umenisamehe?"

Mtungi ulinguruma. Alifikiri kwelikweli, nilimwona akifikiri, kama mtu anayetafuta kitu mfukoni na anataka kuwa na hakika kipo kabla ya kukitoa.

"Kwa Rook, bado," akasema. "Niulize Jumapili."

Alhamisi, 16 Februari

Amelala sana. Nimemwosha miguu.

Ijumaa, 17 Februari

Clem amefariki leo saa tano na robo asubuhi. Nilikuwa nimemshika mkono wa kulia. Mkono wa kushoto ulikuwa juu ya kichwa cha Sorrel.

Jumapili, 19 Februari

Jumapili imefika.

Alhamisi, 23 Februari

Tumemzika. Prosser alibeba jeneza, hakuweza kunitazama, nami nikamfuata nikamshika mkono. Bi Harcombe alileta maua meupe akakaa kiti cha mwisho. Idris Preece alisimama nje ya ukuta wa makaburi wakati wote, kofia mkononi, mvua ikimnyeshea kichwani. Nilimwita aingie. Akasema, "Hakunialika, Bi Eunice." Nikamwambia nimealika mimi. Akaingia.

Jumatatu, 27 Februari

Nyumba ni ya mwenye shamba, Clem alipewa aishi humo kwa kazi yake. Wanaitaka kabla ya mwisho wa Machi, wamesema kwa upole. Dada wa marehemu mume wangu ana chumba Birmingham, ghorofa ya nne. Nimeuliza kuhusu mbwa. Amecheka, alidhani natania.

Jumamosi, 3 Machi

Tumetoka mimi na Sorrel na Gladys kwa mara ya mwisho. Sikuweka nyavu. Tulikaa tu kwenye ukingo wa mto, tukala mkate na jibini, mmoja wangu mmoja wake.

Jumamosi, 10 Machi

Asubuhi nilifunga blanketi la Sorrel, nikamtia Gladys kisandukuni, nikapanda hadi machimboni. Karavani ya Idris ni safi ndani kuliko jikoni kwangu. Kuna vikombe viwili, na kimoja alikuwa hajakitumia siku nyingi, nilimwona akikifuta vumbi kwa shati.

Nilimwambia kila kitu. Kwamba Sorrel anaogopa mabati yakipigwa na upepo. Kwamba hali akitazamwa. Kwamba ana kovu chini ya ukucha wa nyuma, usishike hapo. Kwamba nimemlaza kitandani kwangu tangu Desemba, na hilo ni kosa langu, atamsumbua.

"Atanisumbua," akasema. "Sawa."

Kisha akasema afadhali tusimfungie ndani mimi nikaondoka, atalia. Afadhali aanze kazi huku ninamwona, halafu nitoke katikati ya kazi. Tukaenda kwenye mteremko nyuma ya machimbo. Idris aliweka nyavu, akaacha shimo moja wazi makusudi, akamwingiza Gladys. Tulisimama mbalimbali, hatua ishirini hivi. Jua lilikuwa dogo, nyasi mpya zimeanza.

Sungura alitoka kwenye lile shimo la wazi. Sorrel alimpata kabla hajafika kwenye miiba, kwa kona moja tu. Hawa mbwa hawaui. Wanamleta mzima, wamemshika laini kama yai, na kumweka mkononi mwa mtu wao.

Alikuja mbio akampita Idris, akaja kwangu.

"Usimpokee," Idris akasema, kwa sauti ya chini, bila ukali. "Ukimpokea leo, atakutafuta kesho na keshokutwa."

Nikaweka mikono nyuma.

Sorrel akasimama mbele yangu, kichwa juu, sungura akipepesa macho mdomoni mwake. Alingoja. Mkia ulitikisika mara moja. Alidhani sijaona. Akasogea, akanigusa tumbo kwa pua, kisha akanizunguka, akaitafuta mikono yangu kule nyuma ilikokuwa, na nikahisi manyoya ya sungura na pumzi ya moto ya mbwa kwenye vidole vyangu. Nikakunja ngumi. Nikatazama mbele, kilima, ua la miiba, wingu, chochote.

Alizunguka tena mbele, akanitazama usoni. Sikumwita. Sikumfukuza. Sijui ilichukua muda gani. Sungura alipiga teke moja.

Kisha akageuka. Alitembea polepole, akasimama katikati, akaangalia nyuma, akatembea tena. Idris alikuwa amepiga goti moja chini, mikono imefunguliwa. Sorrel alimwekea yule sungura.

Nikashuka njia ya machimbo. Ngumi nilizifungua nilipofika barabarani.